Isingiro ipi? Tovuti ndogo ya Kyerwa na hofu ya kutoa linki

Isingiro ziko mbili. Moja ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, ambayo watu wazima bado wanaiita Isingiro ya Karagwe kwa sababu Kyerwa yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nyingine iko ng'ambo. Ukienda hadi Murongo, ukavuka Mto Kagera na kuingia Kikagati, umeshaingia Uganda, na wilaya unayoikanyaga inaitwa Isingiro, nayo ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Migomba huku, migomba kule. Kinyambo cha upande huu na Kinyankole cha upande ule vinasikilizana bila mkalimani.

Mtu aliyesimama Murongo hawezi kuzichanganya Isingiro hizo, mto unamwonyesha. Google haina mto. Google ina maneno, linki na dalili nyingine za aina hiyo, na kwa hizo inaamua Isingiro ipi ikuletee kwanza.

Nililiona hilo kwenye kibanda cha fotokopi cha mpwa wangu. Nilikuwa nimepita kumsalimia. Baada ya shikamoo mjomba na marahaba, akaniwekea kiti mbele ya kompyuta yake, aliyoifunika kitambaa kuzuia vumbi jekundu la barabarani. Pembeni ya biashara ya fotokopi na picha za pasipoti ametengeneza tovuti ya wakulima, kwa Kiswahili, bila mfadhili yeyote. Anaandika namna ya kuanika kahawa ya maganda isishike ukungu, namna ya kuukabili mnyauko wa migomba, na kwa nini mkulima asiuze kahawa yake kwa butura, yaani kuiuza ingali maua mtini kwa bei ya mwenye shida. Maandishi ni safi. Unaona kabisa kwamba mwandishi ameshika jembe kabla ya kushika kipanya.

“Mjomba, shida ni moja,” akaniambia. “Mtu akitafuta Isingiro, mimi sipo.”

Tukatafuta. Ikaja wilaya ya Uganda. Ikaja Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958 na ambayo yameandikwa na kila shirika la misaada duniani. Zikaja habari za magazeti ya Kampala. Tukashuka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Isingiro ya Kyerwa ikachungulia mara moja kwenye Wikipedia ya Kiswahili, katika makala fupi inayosema ni kata, kisha ikapotea.

Ndipo nikaifungua tovuti yake na kuipitia ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta linki zinazotoka kwenda nje. Sikuona hata moja. Ukurasa wa kahawa unaitaja Bodi ya Kahawa bila kukupeleka kwenye bodi. Ukurasa wa migomba unataja utafiti wa kituo cha kilimo cha Maruku bila kukuonyesha Maruku. Hata Halmashauri ya Wilaya ya Kyerwa, ambayo ina tovuti yake inayoishia na .go.tz, imetajwa kwa jina tu.

Nikamuuliza kwa nini. Jibu lake nimeshalisikia Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, kutoka kwa watu wenye ofisi zenye viyoyozi: “Fundi aliyenitengenezea alisema kila linki inayotoka ni tundu kwenye ndoo. Inavujisha nguvu ya tovuti.”

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, waliandika jinsi ya kupima uzito wa kurasa za intaneti kwa kuangalia nani anamwelekeza msomaji kwa nani. Wazo walilitoa kwenye desturi ya wanazuoni: kitabu kinachonukuliwa na wengi kina uzito, na kikinukuliwa na mwenye uzito kinazidi kupanda. Kipimo hicho wakakiita PageRank. Linki ikawa kama mdhamini. Ukienda kukopa kwenye chama cha akiba na mikopo, hawakuangalii wewe peke yako. Wanauliza nani anasimama nyuma yako, na yeye nani anasimama nyuma yake.

Sasa, katika hesabu ile, ukurasa wenye uzito huugawa kwa usawa kwa kurasa zote unazozielekeza. Ukielekeza kwa wawili, kila mmoja anapata nusu. Ukielekeza kwa kumi, kila mmoja anapata sehemu moja ya kumi. Mafundi walipoona hivyo wakasema: basi nisielekeze kwa mtu yeyote, nibaki na changu. Wengi wao hawakuisoma hesabu hadi mwisho. Uzito wa ukurasa wako unatokana na wanaokuelekeza wewe, si na wale unaowaelekeza wewe. Mdhamini akimdhamini mwenzake hapokonywi wadhamini wake. Kinachopungua ni fungu linalokwenda kwenye kurasa nyingine za tovuti yako mwenyewe, kwa kuwa sasa zinagawana na wageni, na fungu hilo lingeweza kukurudia kwa kuzunguka. Hiyo ndiyo punje ya ukweli iliyomo ndani ya ile hadithi ya ndoo. Ni punje ndogo. Haistahili kumfungia mtu mlango.

Kuna jambo jingine kwenye andiko lilelile la 1998 ambalo mafundi wa ndoo hawalitaji. Page na Brin walikuta kurasa nyingi ambazo roboti ikifika haina pa kwenda, hazina linki inayotoka. Ziliwasumbua kwenye hesabu, kwa sababu uzito ukiingia humo unakwama. Dawa waliyoitumia ilikuwa kuziweka kando kabisa, kuzipigia hesabu zote zilizobaki, kisha kuzirudisha mwishoni. Nilipomweleza mpwa wangu kwamba ukurasa usioelekeza popote ulitibiwa hivyo tangu siku ya kwanza, alinyamaza, akazungusha kipanya kwenye ukurasa wake wa kahawa kama mtu anayetafuta mlango ndani ya chumba alichokijenga mwenyewe.

Na wapo waliokwenda mbali zaidi ya Page na Brin. Mwaka huohuo Jon Kleinberg wa Chuo Kikuu cha Cornell alipendekeza kwamba kurasa nzuri ziko za aina mbili. Kuna zenye mamlaka, ambazo watu wanaelekezwa kwazo, na kuna za kituo, ambazo kazi yake ni kuelekeza. Kituo kizuri ni kile kinachoelekeza kwa wenye mamlaka kweli. Mwenye mamlaka kweli ni yule anayeelekezwa na vituo vizuri. Muda mfupi baadaye Krishna Bharat na George Mihaila wakabuni njia waliyoiita Hilltop, ambamo ukurasa ulihesabiwa kuwa wa mtaalamu wa mada kwa sababu tu unaelekeza kwenye kurasa nyingi za mada hiyo ambazo hazina udugu nao. Haki za ubunifu huo baadaye zilichukuliwa na Google. Kwa hiyo katika fikra za watu waliozijenga injini hizi, kutoa linki hakukuwa kasoro. Kulikuwa njia mojawapo ya kujulikana kwamba unaijua mada.

Je, leo hii Google inakupandisha ukielekeza nje? Hapa nataka kusema kwa uangalifu, kwa kuwa wauzaji wa ushauri wanasema bila uangalifu. John Mueller wa Google ameeleza hadharani kwamba linki zinazotoka si kigezo mahususi cha kupanga nafasi, ila zinaweza kuyaongezea thamani maandishi yako, na thamani hiyo ndiyo inayoangaliwa. Kwa upande wa pili, kampuni ya Uingereza iitwayo Reboot Online ilifanya jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016. Walifungua tovuti kumi mpya, wakaziandikia makala kuhusu neno la kubuni lisilokuwepo popote duniani, tano wakazitia linki za kwenda sehemu za kuaminika kama Vyuo Vikuu vya Oxford na Cambridge, tano wakaziacha tupu. Zile zenye linki zikatangulia zote. Tovuti kumi ni chache, na neno la kubuni halina ushindani wa neno “kahawa”. Mimi nalichukua jaribio hilo kama ushahidi wa jambo moja dogo tu: ile hofu ya kwamba linki za nje zinakushusha haikuthibitika. Tovuti zilizotoa linki hazikuzama.

Wale waliojaribu kuzibana linki za nje walipata somo lao mapema. Mwanzoni mwa 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana alama ambayo mafundi wanaiita nofolo. Ukiibandika kwenye linki, unaiambia injini kwamba msomaji anaweza kupita hapa, lakini mimi simdhamini huyu. Ilikusudiwa kuzuia matapeli waliokuwa wakijaza matangazo kwenye maoni ya wasomaji. Wikipedia ya Kiingereza nayo iliibandika kwenye linki zake zote za nje mwaka 2007. Wajanja wakaona mwanya. Ukiwa na uzito wa pointi kumi na linki kumi, ukazibandika tano alama hiyo, basi zile tano zilizobaki zilikuwa zinapata pointi mbilimbili badala ya moja. Wakawa wanawabania wageni ili wawashibishe ndugu zao. Mwaka 2009 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza vita vya Google dhidi ya matapeli, akaeleza kwamba hesabu ilikuwa imeshabadilishwa: zile tano zinapata mojamoja, na pointi za zile zilizobanwa zinayeyuka. Unachombania jirani hakibaki kwako. Tangu 2019 Google inaichukulia alama hiyo kama dokezo tu, na imeongeza nyingine mbili, moja ya linki zilizolipiwa na moja ya linki zilizowekwa na wasomaji.

Lakini turudi Isingiro, maana hapa ndipo jambo lenyewe linaponiuma.

Neno “Isingiro” likisimama peke yake kwenye ukurasa, mashine haijui ni ya nani. Kumekuwa na kurasa nyingi za Isingiro ya Uganda kwa miaka mingi, nazo zimeunganishwa na Mbarara, na Kampala, na mashirika ya Geneva. Ukurasa mpya unaosema “Isingiro, ndizi, kahawa, mpakani” na kunyamaza unafanana na zile kuliko unavyofanana na chochote cha Kagera. Ili utambulike, unahitaji majirani. Kwanza maneno: Isingiro, Kyerwa, Kagera, Tanzania, yaandikwe kwenye kichwa cha habari na si kwenye kona ya chini. Pili, anwani: tovuti inayoishia na .tz inaiambia Google wazi ni ya nchi gani, na ya mpwa wangu ilikuwa inaishia na .com. Tatu ndiyo linki. Ukurasa unaoelekeza kwenye Halmashauri ya Kyerwa, kwenye Bodi ya Kahawa Tanzania, kwenye taasisi za utafiti za Maruku, unajitaja ukoo. Sikwambii kwamba kila linki ya .go.tz ina pointi za zawadi. Hakuna kitu kama hicho, na anayekuuzia anakudanganya. Nasema kwamba msomaji anayefika na mashine inayofika wanakuta ukurasa ule umekaa mahali, una mashariki na magharibi.

Karagwe yenyewe inajua maana ya kuelezwa na wengine. Mwishoni mwa 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika, akakaa, akaandika. Mpaka leo ukiitafuta historia ya Karagwe kwa Kiingereza, Speke ndiye anayekufungulia mlango, kwa sababu vitabu, makumbusho na vyuo vyote vinaelekeza kwake. Wanyambo wanaoijua Bweranyange, makao ya kale ya wafalme wa Karagwe, kwa miguu yao wapo, na wengine wameandika. Ila maandishi yao hayaelekezani. Kila mmoja amekaa kisiwani kwake, na injini ya utafutaji ikipita juu inaona visiwa vidogo visivyo na mitumbwi.

Nikamwambia mpwa wangu tuanze na ukurasa wake bora kuliko zote, ule wa unyanjano.

Unyanjano ndilo jina ambalo wakulima wa Kagera wanalipa gonjwa la mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria. Lilionekana Uganda mara ya kwanza mwaka 2001 na likathibitishwa kwetu mkoani Kagera mwaka 2006. Majani yanageuka manjano na kunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata mgomba unatoa utomvu wa njano. Mpwa wangu alikuwa ameeleza vizuri: ondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, chovya panga kwenye dawa ya kufulia yenye klorini au lipitishe motoni kabla ya kwenda mgomba wa pili, mgomba ulioshikwa usiuhamishe shambani kwa jirani. Kila sentensi ni kweli. Lakini mkulima mwenye mashaka angemuuliza: umejuaje? Na ukurasa hauna jibu.

Sasa angalia tatizo la maneno. Mkulima anaandika kwenye simu “unyanjano”. Mtafiti ameandika “mnyauko bakteria wa migomba”, au ameandika Kiingereza. Wawili hao wanaongelea mgomba uleule na hawakutani. Linki ndiyo daraja lao, na mbao za daraja ni yale maneno unayoyabonyeza. Mpwa wangu, baada ya kukubali kuweka linki ya kwenda kituo cha Maruku cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, aliandika: “Kwa maelezo zaidi bonyeza hapa.” Nikamzuia mkono. Kwa miaka mingi ukiandika maneno “click here” kwenye Google, yaani “bonyeza hapa” kwa Kiingereza, ulikuwa unaletewa ukurasa wa kupakulia programu ya Adobe ya kusomea hati, kwa sababu mamilioni ya tovuti ziliuelekeza kwa maneno hayo. Injini inasoma maneno yaliyobeba linki kama maelezo ya kule inakoelekea. Ukisema “hapa”, hujasema kitu. Tukafuta, tukaandika: “namna Maruku wanavyoshauri kuudhibiti unyanjano, au mnyauko bakteria wa migomba”. Maneno marefu kidogo. Lakini ndani yake mkulima na mtafiti wamekaa kiti kimoja.

Akafanya hivyohivyo kwenye ukurasa wa kahawa, sehemu ya mnyauko fuzari unaoua mibuni ya robusta: linki moja kwenda TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ambayo ina kituo chake Maruku kinachohudumia Kagera. Akaniuliza aweke ngapi. Hakuna idadi. Weka pale ambapo msomaji angenyoosha mkono kuuliza.

Hapa nina dukuduku langu mwenyewe, na linahusu sisi wa kazi ya kalamu. Miaka michache iliyopita niliandika makala kuhusu vyama vya msingi vya kahawa, nikatembea wiki nzima kwa pikipiki kuikusanya. Baada ya siku mbili niliikuta kwenye tovuti nyingine, neno kwa neno, picha kwa picha, na chini yake maneno mawili: “Chanzo: mtandao.” Ukiitafuta, nakala ilitangulia na ile ya asili ikafuata nyuma. Sitaji tovuti hiyo kwa kuwa tatizo si yao peke yao. “Chanzo: mtandao” ni sentensi ambayo intaneti ya Kiswahili imeizoea kama chumvi. Mtandao hauandiki. Mtu ndiye anayeandika, tena ana jina, na ukurasa wake una anwani. Ungemwekea linki moja, msomaji angemfikia, na injini ingekuwa na dalili kwamba chemchemi iko kule. Tunaponakiliana bila kuelekezana, mashine haijui nani alichimba kisima na nani alipita na ndoo. Anayeumia zaidi ni mwandishi wa mbali, yule wa Kaisho au Nkwenda huko Kyerwa, kwa sababu mwenye tovuti kubwa mjini anaweza kutangulia kwa ukubwa wake tu.

Nimezunguka kwenye tovuti za halmashauri nyingi, na nazipongeza kwa jambo moja: pembeni pana orodha ya viunganishi vya kwenda TAMISEMI, Utumishi na tovuti kuu ya Serikali. Desturi hiyo ni nzuri. Ningependa orodha hizo zishuke chini pia, zielekeze kwa redio ya jamii, kwa chama kikuu cha ushirika, kwa kijana wa fotokopi anayeandika kuhusu unyanjano. Karagwe ina Radio FADECO, ambayo imekuwa ikiwasemesha wakulima kwa lugha wanayoielewa kwa miaka mingi. Ina chama kikuu cha KDCU ambacho kahawa ya Karagwe na Kyerwa inapitia mikononi mwake. Hawa ndio wanaostahili kuelekezwa, na kuelekezana wao kwa wao.

Kuna linki ambazo mtu hapaswi kuzitoa kabisa. Mpwa wangu alinionyesha barua pepe aliyoipokea, kwa Kiingereza cha kusifu sana, ikimpa dola kadhaa ili aweke “makala ya mgeni” yenye linki moja ndani yake. Linki ilikuwa ya kampuni ya kubeti. Fedha ile kwake ingelipa kifurushi cha intaneti cha miezi kadhaa, na sitamlaumu kijana yeyote aliyesita mbele ya barua kama ile. Lakini kuuza linki inayobeba udhamini ni kosa kwenye kanuni za Google, na adhabu yake ipo. Mwaka 2012 walianzisha kichujio walichokiita Penguin kuwakamata wanaojikusanyia linki za hila, na kwa upande wa wanaozitoa, mwaka 2016 waliadhibu waandishi waliokuwa wakipewa bidhaa za bure na kulipa kwa linki. Ukichukua fedha au zawadi, ibandike ile alama ya linki iliyolipiwa na umwambie msomaji wazi. Mkulima aliyekuja kusoma habari za mgomba, ukamtoa kupitia mlango wa kamari, hatakuamini tena hata ukimwambia mvua inanyesha.

Mlango huo wa kamari unaweza kufunguka pasipo wewe kujua. Kagera imepita miradi mingi ya wafadhili, na kila mradi ulikuwa na tovuti yake. Mradi ukiisha, hakuna anayelipia anwani. Inaachwa, halafu mtu wa mbali anainunua kwa sababu ina linki nyingi za kuaminika zinazoielekea, anaijaza matangazo. Nilikuwa nasoma maelezo ya zamani kuhusu migomba, nikabonyeza jina la mradi, nikatua kwenye bahati nasibu. Mwaka 2024 Google ilitangaza kwamba kutumia anwani zilizokufa kwa njia hiyo ni ulaghai utakaoadhibiwa. Mwaka huohuo kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kwa hiyo linki ni kama ua wa shamba. Ukishaupanda unarudi kuukagua. Tulikubaliana kwamba kila msimu wa kahawa ukifunguliwa, mpwa wangu atazibonyeza zote, moja baada ya nyingine, kwa kidole chake.

Yote haya, nilimwambia, hayatampeleka juu peke yake. Anahitaji wengine wamwelekee yeye, anahitaji kurasa zifunguke haraka kwenye simu ya bei ndogo yenye mtandao wa kusuasua, anahitaji kuendelea kuandika. Linki zinazotoka ni sehemu ndogo ya kazi. Ila ni sehemu iliyo mikononi mwake yote, na haina gharama.

Jambo la mwisho tulilolifanya lilizua ubishi. Nilitaka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza paandikwe: “Hii ni Isingiro ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania. Kama unaitafuta Wilaya ya Isingiro ya Uganda, tovuti yake ni hii,” na maneno “Wilaya ya Isingiro ya Uganda” yabebe linki.

“Mjomba! Nimpeleke mtu kwa hao hao walionifunika?”

Nikamuuliza angefanya nini kama mtu angeshuka kwenye basi hapo nje, amepotea njia, anataka Isingiro ya ng'ambo. Akacheka, akasema angemwitia bodaboda wa Murongo. Akaketi, akaiandika sentensi ile jinsi nilivyoitamka, akaijaribu kwenye simu yangu. Ikafunguka.

Kulikuwa kumeanza kuingia giza, na mteja wa fotokopi alikuwa mlangoni na cheti cha kuzaliwa mkononi. Kwenye ukurasa wa kahawa lilibaki jina moja, la chama cha msingi ambako baba yake hupeleka maganda kila mwaka na ambako yeye mwenyewe alijifunzia mizani. Tulikitafuta chama hicho kwa kila njia. Hakina tovuti, hakina hata ukurasa mmoja. Tukaliacha jina lao katika wino mweusi, katikati ya maneno yote ya buluu.